Maziwa ya Asiyekuwepo

Nitaanza na waliokuwepo, maana mtu akishatajwa hawezi kununa ati alisahaulika. Tulipotoka kumzika Nashipae kule Kajiado, tulirudi kwa kijana wake Daniel, hapa Kitengela, kwa ile nyumba ya geti la bluu karibu na barabara ya Namanga. Kwa kiti kirefu aliketi Daniel mwenyewe na bibi yake Mercy. Karibu na mlango wa jikoni alikaa Mzee Sironka, binamu ya Nashipae, maana baba zao walikuwa ndugu. Kando yangu alikaa Wanjiru, ambaye nywele zake nazo zimeanza kuwa nyeupe. Huyu si wa damu yetu. Wazazi wake walikuwa watu wa Nyeri, na walikuwa na duka Kajiado zamani. Chini kwa zulia alikuwa mjukuu wangu Resiato na simu yake. Na mimi Simaloi, ambaye Nashipae aliniita dada ingawa waliokuwa dada ni mama zetu. Hao ndio waliokuwepo. Kulikuwa na mmoja ambaye hakuwepo, na habari hii ni yake.

Kwa lile geti kumefungwa kengele ya ng'ombe, ya chuma, yenye kutu. Nashipae aliifunga hapo macho yake yalipoanza kuisha, ili ajue mtu akiingia. Siku ile watu walikuwa wakiingia na kutoka na masufuria, na kila kengele ilipolia mimi niliacha kutafuna. Mercy aliona. "Koko, nyama ni ngumu?" akaniuliza, akiniita nyanya kwa Kimaasai. Nikamwambia nyama ni nzuri, meno ndiyo yamechoka. Ningemwambiaje kwamba kengele ile niliijua kabla hajazaliwa mama yake? Tena kule kaburini kulikuwa na jambo lililonikaa kooni. Mchungaji alisimama akamtaja marehemu kuwa mtoto wa pekee wa Rebeka. Wa pekee. Nilimtazama Sironka, naye akatazama viatu vyake. Sasa hapo sebuleni, chai ikimiminwa, Wanjiru akaniinamia akasema, "Dada Simaloi, mama yangu kabla hajafa aliniambia nililelewa na maziwa ya mtu. Sikumuuliza ni ya nani. Leo tumemzika Nashipae, umebaki wewe. Yalikuwa ya nani?" Sironka akasema bila kuinua macho, "Wacha hayo, mama. Chai inapoa." Chai ikapoa kweli, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaondoka pale, nimerudi kwa ule mwaka.

Nilikuwa msichana ambaye kifua kilikuwa kinaanza tu kutokeza. Kwa nini nilipelekwa kwa Yeyo Rebeka si habari ya leo. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na mimi nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliniambia, "Hapa kwangu hakuna mgeni, kuna wa kuteka maji na wa kuwasha moto, chagua." Nyumba yake aliijenga mwenyewe kwa fito na mavi ya ng'ombe, na mlango ulikuwa chini, ukiingia unainama kama mtu anayeomba. Ndani kulikuwa na giza zuri. Kitanda chake cha ngozi kilikuwa kulia, changu na Nashipae kushoto, ndama katika pembe yao, na katikati mawe matatu ya moto. Vibuyu vya maziwa vilining'inia ukutani, na kimoja kilikuwa na kifuniko cha ngozi kilichoshonwa shanga za bluu. Hicho kilikuwa cha kijana wake. Nilimkuta siku chache tu kabla hajaondoka. Alikuwa mrefu, na kabla ya kuinama kuingia alikuwa na tabia ya kugonga nguzo ya mlango kwa fimbo yake, ko-ko, ndipo aseme, "Yeyo, niko na njaa ya simba." Na Yeyo humjibu, "Simba hawanawi mikono, wewe nawa." Mara ya kwanza kuniona alisogea akaniachia nafasi yake karibu na moto. Mpaka leo, mtu akisogea ili niketi, namkumbuka.

Ukame ulikuwa umeanza kuuma. Vijana wa boma walikusanya ng'ombe wakaenda nao upande wa Kimana, kwenye mabwawa, mahali nyasi haziishi. Waliacha ng'ombe wachache wa kutupatia maziwa. Sasa kuna desturi ya zamani, ya kabla hata kanisa halijafika kwetu. Kijana akiwa safarini na ng'ombe, mama humwachia maziwa kwa kibuyu chake. Atarudi saa gani hakuna ajuaye, lakini asikute kibuyu kikavu. Yeyo alikuwa amebatizwa, tena alikuwa mtu wa kanisa sana, lakini jambo hilo hakuliacha. Aliingia nalo kanisani kama mtu anavyoingia na mtoto mgongoni. Kila jioni alikisafisha kile kibuyu kwa kijinga cha mzaituni mwitu, moshi ukapanda mtamu, akamimina maziwa, akataja jina la kijana wake, akafunika. Asubuhi maziwa yale hakuyamwaga, na sisi hatukuyanywa, hata tulipokuwa tukinywa chai ya rangi. Alisimama mlangoni, kibuyu mkononi, akaomba maombi ambayo hayakuzidi pumzi moja: "Bwana, nimeamka. Nionyeshe wa leo." Kisha akatoka. Wa leo akawa mjane mwenye kikohozi, ama mchoma makaa aliyelala njiani. Niliwahi kumuuliza, "Yeyo, na kama Mungu hakuonyeshi mtu?" Akanitazama kama nimeuliza kama jua litachomoza. "Wewe ulishawahi kuona siku haina mwenye njaa?"

Baadaye vijana wakarudi, wamekonda, na ng'ombe wachache. Mzee Parkire, ndugu mkubwa wa marehemu mume wa Yeyo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Aliwaketisha kwake, wakapewa uji, na sisi wanawake tukasimama nje tukisikiliza kupitia ukuta. Walisema ng'ombe waliokufa. Waliwataja kwa rangi zao, mmoja mmoja, yule wa madoa, yule mwekundu wa pembe iliyovunjika. Walisema ng'ombe walivyoshtuka karibu na Rombo wakatawanyika, na wao wakatawanyika nyuma yao, na walivyotafutana mpaka maji yakaisha. Walijitaja wenyewe, nani alienda wapi. Kijana wa Yeyo hawakumtaja. Ng'ombe wote walitajwa na yeye hakutajwa. Nilimwona Yeyo akishika ukuta kwa kiganja, kama anayepima kama umekauka. Ni lazima niwaeleze ninyi mliozaliwa kwa nyumba za mawe: kwetu zamani aliyekufa hatajwi tena jina. Jina linafunikwa naye. Kwa hivyo hakuna aliyekuja kumwambia Yeyo kwamba mtoto wake amekufa. Walinyamaza tu, na kunyamaza kukawa ndiyo habari.

Mpaka leo naona hapo ndipo tulipopotea. Hakuna aliyemwona amekufa. Lakini jina likishafunikwa, utamuulizia mtu namna gani? Watu walipita kutoka Rombo, kutoka ng'ambo ya mpaka, wakila chakula chetu, na hakuna wa kuwaambia, "Mmemwona fulani?" kwa sababu fulani hana jina. Hata mtoto mdogo wa Parkire, ambaye alikuwa ameitwa jina hilohilo kwa kumpenda binamu yake, walimbadilisha. Siku moja alikuwa na jina, kesho yake akaitwa Sironka. Siku nyingi baada ya hapo ukimwita Sironka hageuki. Alikuwa akicheza na vijiti vyake tu, na mama yake akiita na kuita.

Yeyo yeye hakufunika. Jioni ile ile alikisafisha kibuyu, akamimina, akataja jina kwa sauti yake ya kila siku. Mimi na Nashipae tulishikana mikono chini ya ngozi. Siku ya soko la mifugo Kajiado aliwasimamisha wachuuzi, watu wasiomjua, akawauliza kwa jina. Wanawake wa boma wakaanza kuchota maji saa zao na sisi saa zetu. Na ilikuwa wakati huo ndipo mama yake Wanjiru alipojifungua pale nyuma ya duka, akashikwa na homa, na maziwa ya titi yakakataa kutoka. Kwa siku hizo za ukame maziwa ya kununua yalikuwa hayapatikani. Asubuhi moja Yeyo aliomba maombi yake ya pumzi moja, tukavuka reli na kibuyu, tukamkuta mwenye duka ameketi juu ya gunia, mtoto analia kwa sauti ndogo kama ya paka. Yeyo hakuuliza. Alichemsha maji, akachanganya, akamlisha kwa kijiko. Baada ya hapo wa leo akawa huyo, kila siku. Mwenye duka mwenyewe alianza kucheka tena. "Mama Nashipae, huyu mtoto akianza kuongea ataongea Kimaasai!" Yeyo akamjibu, "Akiongea Kimaasai mahari yake itakuwa ng'ombe. Jenga zizi nyuma ya duka mapema."

Parkire alikuja nyumbani jioni moja. Hakuingia, alikaa nje kwa kigoda chake na Yeyo akaketi kwa kizingiti, na mimi nilikuwa ndani nikichochea moto. "Mke wa ndugu yangu," akasema, "watoto wa boma hili wanakunywa maji ya majani, na wewe unabeba maziwa kupeleka kwa watu wa duka." Yeyo akasema, "Baba Sironka, hayo si maziwa ya watoto wa boma. Yana mwenyewe." "Mwenyewe nani?" Akasikia alichouliza, akafunga mdomo, kwa sababu jibu lake lilikuwa ni lile jina. Nilisikia anavuta tumbaku, polepole. Kisha akasema maneno ambayo yamenifuata miaka yote, na hakuyasema kwa ubaya, aliyasema kama mtu anayeogopa kwa niaba yako. "Unaita mtu ambaye haitiki. Ukiita sana, ataitika mwingine." Yeyo aliinuka akaingia kusafisha kibuyu. Lakini siku zilizofuata, jioni ikiingia na ng'ombe wakirudi, nilikuwa nikisikia ko-ko kwenye nguzo ya mlango. Ni upepo, ni ndama, ni mti unaokauka, sijui. Nashipae alisikia pia, najua, kwa sababu alikuwa akianza kuimba wimbo wa kanisa kwa nguvu bila sababu. Yeyo aliacha tu kukoroga chai. Alingoja kidogo. Kisha akaendelea kukoroga.

Halafu yule maksai akarudi. Jua lilikuwa linaenda, mimi nilikuwa natoa mavi zizini, nikaona ng'ombe amesimama nje ya ua wa miiba, wa kijivu, mbavu zinahesabika, na shingoni amevaa kengele. Lakini kengele hailii. Anatikisa kichwa, hailii. Nilidhani naona kivuli. Nilimwita Yeyo, akaja, akamshika pembe, akamjua. Alikuwa wa kijana wake, aliyempenda zaidi. Yeyo akaingiza vidole ndani ya kengele, akatoa nyasi. Mchungaji wa ng'ombe akipita mahali pabaya, pa wezi ama pa simba, huijaza kengele nyasi ili isimtangaze. Kila mtu kwetu analijua hilo. Lakini nchi yetu yote ilikuwa imekuwa ya kahawia, na nyasi zile, katikati pale zilipobanwa, zilikuwa bado mbichi. Nilizigusa. Zilikuwa na unyevu. Yeyo alipozitoa zote, ng'ombe akatikisa kichwa na kengele ikalia, na boma zima likatoka nje. Ndiyo hii iliyo kwa geti la Daniel.

Parkire alizitazama nyasi kwa muda mrefu. "Wezi," akasema. "Wezi walimchukua, wakamjaza kengele, akawatoroka." Inawezekana. Hata mimi sasa nikifikiria kwa akili ya uzee, inawezekana kabisa. Yeyo akasema, "Basi twende tumuulize huyo mwizi." "Tumuulize nini?" "Jina." Hakuna aliyeenda.

Jumapili Yeyo alizifunga nyasi zile kwa ncha ya shuka yake, akaenda nazo kanisani. Kanisa letu lilikuwa la mabati, na jua likipanda linalia tik-tik juu ya vichwa. Mwinjilisti Yohana alikuwa mtu mpole kutoka Murang'a, na watu walikuwa wamemwendea, wamemwomba amsaidie mama huyu. Alikuwa amejitayarisha kufanya maombi ya kushukuru kwa maisha ya kijana yule, ili mambo yaishe. Alipoona nyasi, uso wake ulibadilika. "Mama Rebeka," akasema mbele ya wote, lakini taratibu, "mambo ya kufunga nyasi si tuliyaacha?" Yeyo alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama kanisani kuongea. "Mwinjilisti, hizi si za mila. Hizi ni za mkono. Kuna mkono wa mtu uliozikata." "Mama, sisi tunakuombea upate amani. Kijana wako yuko kwa Bwana." "Nani alikuambia?" Bati likalia tik. "Mimi sijasema yuko hai," Yeyo akasema. "Sijui. Na wewe hujui, na Baba Sironka hajui. Ninyi mmechoka kutojua, ndiyo mnataka nifunike." Mwinjilisti alishika Biblia yake kwa mikono miwili kama mtu anayeshika sahani ya moto. Mwishowe akauliza, na ninampenda mpaka leo kwa kuuliza, "Basi tuombeje, mama?" Yeyo akasema, "Omba kama mtu asiyejua." Mwinjilisti akafumba macho. Akaomba akitaja lile jina, akisema Bwana, wewe unajua alipo, sisi hatujui, mpe cha kula leo. Hayo tu. Nilisikia miguu ya watu ikitoka nje wakati bado anaomba. Tulipofumbua macho kanisa lilikuwa na mabenchi tu.

Kabla ya mvua Parkire alihamisha boma. Hakumfukuza Yeyo, hapana, nisimsingizie marehemu. Alimwambia twende, ng'ombe wa kijivu atangulie, lakini jina libaki hapa. Yeyo akasema, "Akirudi atarudi hapa." Wakaondoka na punda zao, na mtoto Sironka akiwa juu ya mzigo, akitutazama mpaka vumbi likamfunika. Tukabaki wanawake watatu katika ua wa miiba uliojengwa kwa ajili ya nyumba nyingi. Sijui kama mnajua nyumba ya mavi ya ng'ombe isiyo na moto inavyofanya. Inapasuka polepole, na inatoa sauti kama mtu anayesafisha koo. Jioni tulipika uji mwembamba, tukasikiliza nyumba za majirani zikisafisha koo, na mlango wa nyumba ya Parkire ukiwa wazi, mweusi. Nilimwambia Yeyo ninaogopa. Hakuniambia nisiogope. Alinipa kile kibuyu cha shanga za bluu. "Leo safisha wewe. Mkono ukiwa na kazi, woga unakaa pembeni." Nikasafisha, moshi ukapanda, nikamimina. Akasema, "Mtaje." Nikamtaja. Sauti yangu ilitoka ndogo, na hakuna kilichotokea, isipokuwa asubuhi Wanjiru alikunywa, akacheua, akalala.

Mvua ilirudi, na nilichukuliwa kwenda kuolewa upande wa Isinya. Yeyo aliishi miaka mingi baada ya hapo, akifanya vilevile, na Nashipae ndiye aliyenieleza mwisho wake. Walimkuta asubuhi amelala kwa upande, na kibuyu kimejaa. Nashipae hakujua afanye nini na maziwa yale. Akawapa waliokuwa wakichimba kaburi. Mimi sina ng'ombe sasa, nakaa kwa chumba kimoja hapa Kitengela, magari makubwa ya simiti yakipita na vikombe vikitetemeka. Kila jioni naacha chai ya maziwa kwa chupa. Asubuhi naomba yale maombi ya pumzi moja, natoka, nampa mlinzi wa geti, ama yule mama wa sukuma wiki anayekuja kabla ya jua. Nimesikiliza mahubiri mengi tangu wakati huo, mengine ya spika kubwa, lakini imani ambayo nimeweza kuibeba kila siku ni hiyo. Sina uhakika ni imani kubwa. Jioni nyingine nikifunika chupa nasikia ko-ko kwenye mlango wa bati, naacha mkono hapo kwa kifuniko, nangoja kidogo. Kisha naendelea.

Kwa hiyo Wanjiru aliponiuliza, nilikuwa najua kwamba nikinyamaza pale, kwa hao waliokuwepo, jina litafunikwa na mimi na hakuna atakayelifunua tena. Ningekufa nalo, na Yeyo angekuwa amemimina bure. Niliweka kikombe chini. Nikasema, "Yalikuwa ya kaka yake Nashipae. Aliitwa Lemayian."

Mzee Sironka aliinua kichwa. Aliinua haraka, kama mtoto aliyeitwa kutoka kwa vijiti vyake, na akaangalia mlangoni kabla ya kuniangalia mimi. "Eeh?" akasema. "Hata mimi kuna mtu alikuwa akiniita hivyo. Nilidhani niliota." Wanjiru akasogea, akampa nafasi karibu naye. Resiato akaniuliza jina linaandikwaje, nikamwambia herufi moja moja. Nje, mtu alipita na sufuria, kengele ikalia.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Kama nimechanganya, kama maksai alikuwa mweupe na si wa kijivu, kama duka lilikuwa upande huu wa reli na si ule, nirekebisheni, mimi ni mzee na sitakasirika. Watoto wa Mwinjilisti Yohana wakisoma haya na wanajua aliomba maneno mengine, waniambie pia. Lakini kama kuna mtu upande wa Rombo ama ng'ambo ya mpaka, ambaye baba yake ama babu yake aliitwa Lemayian, na aligonga nguzo kwa fimbo kabla ya kuinama mlangoni, huyo anirekebishe kuliko wote. Aje aniambie nimekosea kumwita asiyekuwepo. Asiogope kuja saa yoyote. Chupa haijawahi kulala tupu.